Mizinga ya Königsberg ambayo sinema haikuionyesha

Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki vimezaa sinema mbili maarufu: The African Queen ya mwaka 1951, yake Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na Shout at the Devil ya mwaka 1976, yake Lee Marvin na Roger Moore. Zote mbili humalizika kwa meli ya Wajerumani kulipuliwa kwa ujasiri wa Wazungu wachache. Historia yenyewe ilikwenda kwa mizinga, na kwa jasho la watu wengi.

Mnamo Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye maji yale mafupi. Zikaletwa Severn na Mersey, meli za kina kifupi zenye mizinga mikubwa, huku ndege zikiruka kutoka Mafia kuwaelekeza wapigaji shabaha. Julai 11, 1915, Königsberg ikawa imekwisha.

Mizinga yake 10 ya milimita 105 haikufa nayo. Wajerumani waliiopoa, ikapelekwa Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaiundia magurudumu. Manowari ikageuka kikosi cha nchi kavu. Pale ambapo reli haikufika, Waafrika ndio walioikokota kwa kamba porini na matopeni, huku wapagazi wakibeba makombora na chakula.

Mzinga mmoja ulifungwa Kigoma juu ya meli Graf von Götzen, inayotajwa kuwa chimbuko la ile meli ya The African Queen. Lakini Götzen haikulipuliwa na shujaa yeyote. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka mitambo yake grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi.

Mmoja wa mizinga hiyo upo leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Watunzi wa sinema walihitaji mashujaa wawili watatu. Mzinga wa tani kadhaa haukuvutwa na watu watatu.