Kasi na Kudumu: Historia ya Kumbukumbu za Kompyuta

Tarehe 21 Juni 1948, mjini Manchester, Uingereza, kompyuta ya majaribio iliyopewa jina la Baby iliendesha programu yake ya kwanza. Data zake zilikaa ndani ya bomba la kioo kama la televisheni, zikiwa vidoa vya chaji vilivyofifia upesi mno hata ikabidi viandikwe upya bila kukoma. Umeme ukikatika, hakibaki kitu.

Miaka michache baadaye nafuu ilipatikana. Mwaka 1953, katika chuo cha MIT, Marekani, kompyuta ya Whirlwind ilifungwa vipete vidogo vya sumaku, kazi iliyoongozwa na Jay Forrester. Kipete hakikusahau hata umeme ulipozimwa. Chombo cha anga cha Challenger kiliposambaratika mwaka 1986 na kutumbukia baharini, kumbukumbu za kompyuta zake, zilizokuwa za aina hiyo, zilibaki na yaliyomo.

Lakini vipete vilikuwa ghali. Robert Dennard wa IBM alipata hataza ya kumbukumbu ya chipu iitwayo DRAM mwaka 1968, na mwaka 1970 Intel ikaanza kuuza chipu ya 1103 yenye biti 1,024. Humo kila biti ni chaji ndogo inayovuja, na hadi leo chipu za aina hiyo lazima zihuishwe mara nyingi kila sekunde. Dunia ikapata kumbukumbu ya bei nafuu, ikarudi kwenye udhaifu wa Manchester.

Wataalamu wa hifadhidata, Jim Gray akiwa mstari wa mbele, waliziba pengo hilo kwa nidhamu: badiliko liandikwe kwanza kwenye daftari la diski, ndipo mteja aambiwe muamala umekamilika. Mwaka 1983 Theo Härder na Andreas Reuter waliihesabu sifa ya kudumu miongoni mwa nguzo nne za muamala.

Diski ilikuwa nzito, na wavuti haukuwa na subira. Programu ya Memcached ya 2003 ilihifadhi nakala za muda tu. Hifadhidata ya Redis, iliyoanzishwa na Mwitalia Salvatore Sanfilippo mwaka 2009, iliwashawishi wengi kuweka data zenyewe ndani ya RAM, yaani kumbukumbu hiyohiyo ya chipu. Hapo ndipo hatari ilipo. Kwa mipangilio ya kawaida ya matoleo ya karibuni, mabadiliko yakiwa machache, picha ya data huweza kungoja saa nzima kabla ya kuandikwa diskini. Ukiwasha daftari lake linalosukumwa diskini kila sekunde, bado sekunde moja iko mashakani. Ukitaka kila badiliko lifike diskini kabla ya jibu, kasi inashuka.

Seva za akiba nazo si kinga kamili. Seva kuu isiyoandika diskini ikizimika na kujiwasha yenyewe, huamka tupu. Seva zinazoifuata huunakili utupu huo kwa uaminifu, na data zote zikapotea.

Intel ilijaribu kuunganisha kasi na kudumu kwa kumbukumbu za Optane, lakini mwaka 2022 ikatangaza kuachana nazo.

Kwa hiyo wajibu umebaki kwa wajenzi wa mifumo. Aliyetuma ada ya mtoto akajibiwa kwamba imepokelewa ana haki ya kuamini kuwa malipo hayo yatakuwepo hata umeme ukikatika sekunde ileile. Mfumo usioweza kuahidi hivyo usimpe jibu hilo.