Mhusika Kama Mlezi: Historia Fupi ya Darasa la Kiingereza Nchini Kenya

Fasihi ya Kiingereza iliingia katika shule za upili za Kenya ikiwa tayari imebebeshwa mzigo wa maadili. Shule ya Alliance, iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1926, haikuzifundisha tamthilia za Shakespeare kwa ajili ya mtihani wa Cambridge pekee. Wanafunzi waliziigiza pia jukwaani, na uigizaji huo ukawa desturi ya kila mwaka. Edward Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu tangu 1940 hadi 1962, alikuwa mwanahisabati kwa taaluma, lakini shule aliyoijenga ilidhamiria kufinyanga watu. Katika shule ya namna hiyo mlezi hasa ni mwalimu. Mhusika wa kitabuni ni msaidizi wake tu, wa kuonyeshwa darasani, kusifiwa au kulaumiwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma hapo kati ya 1955 na 1958, miaka ya Hali ya Hatari, huku kaka yake akiwa amejiunga na wapiganaji wa Mau Mau msituni. Kumbukumbu zake za kipindi hicho, zilizochapishwa mwaka 2012, alizipa jina In the House of the Interpreter, kutokana na kisa cha Bunyan ambamo msafiri anapokewa nyumbani mwa Mfasiri na kuonyeshwa mambo ya kumwongoza njiani. Jina hilo lina shukrani na kejeli kwa pamoja. Mwenye nyumba anafasiri ulimwengu kwa ajili ya mgeni wake, ilhali mgeni anajua mambo ya nje ambayo mwenyeji hayajui, au hataki kuyajua.

Yafaa kukumbuka kwamba huko Uingereza kwenyewe mtindo wa kumjadili mhusika kana kwamba ni binadamu hai ulikuwa umeshambuliwa mapema. A. C. Bradley aliuimarisha katika mihadhara yake kuhusu tanzia za Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1904, L. C. Knights akaukejeli mwaka 1933 kwa kuuliza Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Kwa Knights, tamthilia ni shairi kwanza, na mhusika ni zao la maneno. Hoja hiyo haikuwa na nguvu kubwa darasani. Sababu si ugumu wake. Mpangilio wa taswira hauwezi kumlea kijana. Mtu anaweza, hata akiwa mtu wa kubuniwa.

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo. Mjadala huo ulishuka hadi shuleni katika kongamano la Septemba 1974 lililofanyika Nairobi School. Wahakiki wameyaeleza matukio haya kama mapinduzi, na hawakukosea. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mapinduzi hayo hayakuligusa. Yaliuliza ni wahusika wa nani watakaomlea mwanafunzi Mwafrika. Hayakuuliza iwapo kazi ya mhusika ni kulea. Ndiyo maana Akoko, shujaa wa riwaya ya Margaret Ogola The River and the Source (1994), alipoingia darasani alikaa kwa urahisi katika kiti kilichoandaliwa kale. Wahusika walibadilika, kiti kikabaki kilekile.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliunganisha lugha na fasihi katika somo moja la Kiingereza. Darasani, uchunguzi wa mhusika ukazidi kuwa orodha: ni jasiri, ni mvumilivu, ana utu, kila sifa na ushahidi wake. Orodha ina manufaa, kwani inamlazimisha mwanafunzi arudi kwenye matini. Lakini inamsimamisha mhusika mahali pamoja, ilhali baadhi ya vitabu vilivyosomwa shuleni vinahusu hasa kijana anayemtafuta mlezi na anavyoweza kupotea katika utafutaji huo.

Mathalani, A Man of the People ya Chinua Achebe (1966). Odili aliwahi kuwa mwanafunzi aliyependwa na mwalimu Nanga, ambaye sasa ni waziri. Anaufahamu ufisadi wa mzee huyo, na bado anaupokea mwaliko wake. Baada ya Nanga kumnyang'anya mpenzi wake, Odili anaingia katika siasa akiwa na kinyongo na itikadi kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe hawezi kukipima. Orodha ya sifa itamwita mwadilifu au mnafiki. Riwaya haimruhusu msomaji kuchagua, kwa sababu msimulizi ni Odili huyohuyo.

Kwa suala hili, hata hivyo, Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet ndiyo yenye utajiri zaidi. Riwaya hiyo ya 2008 ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 2009 na baadaye ikateuliwa kutahiniwa katika shule za upili. Resian, binti anayetamani kwenda Chuo Kikuu cha Egerton, anamjua Minik ene Nkoitoi kwa sifa tu kabla ya kumwona. Minik anaitwa Emakererei kwa sababu ya elimu yake ya Makerere, na wanaotetea ukeketaji wanalitaja jina lake kwa chuki. Kwa hiyo laana za wengine ndizo zinazomjulisha Resian kwamba mlezi anayemtaka yupo. Uhusiano wao unaanza kama ule wa msomaji na mhusika: mtu asiyeonekana, anayejengwa kwa maneno.

Kulet anaiona pia hatari iliyomo humo. Olarinkoi anamvuta Resian kwa ahadi ya kumpeleka kwa Emakererei, kisha anampeleka kwa mama yake mwenyewe, ambako amepangiwa kukeketwa na kuozwa. Jina la mlezi ndilo chambo. Msomaji anayemsifu Minik kwa ujasiri wake na kuishia hapo ameliruka tukio hili, ambalo ndilo linaloonyesha gharama ya kumtamani mtu kwa mbali bila njia ya kumfikia.

Anayeipata njia hiyo ni Nabaru, bibi mganga asiye na shahada yoyote. Ndiye anayemuuguza Resian, anayemtorosha, na anayemfikisha kwa Minik. Katika orodha za wahusika Nabaru huwekwa miongoni mwa wadogo.