Kuuliza Si Ujinga: Somo kutoka kwa Parzival

Hapa Kwala, tukienda kumtembelea mgonjwa tuna utaratibu wetu. Tunapiga hodi, tunasalimiana, tunaimba, tunasoma neno, tunaomba, tunaaga. Siku moja tulifanya hayo yote kwa mzee mmoja, msharika wetu. Tulipofika barabarani tukagundua kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwuliza nini hasa kinamsumbua.

Kosa hili ni la zamani. Wajerumani, ambao mwaka 1905 walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, na ambao wamisionari wao walituletea Ulutheri, wana kisa kinacholihusu. Kilitungwa kwa mashairi na Wolfram von Eschenbach mwanzoni mwa karne ya 13, yapata miaka 300 kabla ya Matengenezo ya Kanisa. Tulikutana nacho tukiwa chuo cha theolojia.

Parzival ni kijana aliyelelewa msituni na mama yake, Herzeloyde, ambaye hakutaka mwanawe afe vitani kama baba yake. Hata hivyo kijana aliondoka awe askari wa farasi. Mzee Gurnemanz akamfundisha adabu: mtu wa heshima haulizi maswali mengi. Baadaye Parzival akafika katika ngome ya mfalme Anfortas, mwenye jeraha la mkuki wa sumu lisilopona. Akaona mateso yale, akaona na jiwe takatifu liitwalo Grali, lakini akanyamaza kwa adabu. Asubuhi akakuta ngome haina watu. Kumbe swali moja tu la huruma lingemponya mfalme, na mfalme yule alikuwa mjomba wake.

Parzival alitangatanga miaka kadhaa akiwa na hasira juu ya Mungu, hadi siku ya Ijumaa Kuu mtawa Trevrizent alipomfungua macho. Kisha akapigana na shujaa mgeni asiyemjua. Upanga wa Parzival ulipovunjika, mgeni yule akautupa wa kwake, hakutaka kumwua asiye na silaha. Walipoulizana majina wakajikuta ni ndugu wa baba mmoja. Mgeni alikuwa Feirefiz, mwana wa Belacane, malkia mweusi ambaye baba yao alimwacha kwa siri akiwa mjamzito. Ndugu hao wakaenda pamoja kwa Anfortas. Safari hii Parzival aliuliza, na mfalme akapona.

Wolfram anasema Feirefiz alibatizwa, akamzaa Kasisi Yohana, mfalme Mkristo wa nchi za mbali. Habari za mfalme huyo zilisimuliwa Ulaya kwa karne nyingi, na baadaye wengi wakaamini kwamba yuko Ethiopia. Hapo hadithi inagusa pwani yetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama na watu wake walifika Msumbiji wakiulizia habari zake, na walipoambiwa hayuko mbali walilia kwa furaha. Lakini walimtafuta mfalme wa kuungana nao, pamoja na njia ya viungo. Huko Malindi walisimamisha nguzo ya jiwe yenye msalaba. Mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida zikaishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Walikuja na msalaba na maswali mengi, lakini maswali yao hayakuhusu maumivu ya waliowakuta.

Bwana Yesu aliuliza kwa namna nyingine. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu aliona, lakini Bwana alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Alimpa nafasi ya kujisemea mwenyewe.

Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Sisi kutwa tunaulizana habari, na jibu ni nzuri, hata pale ambapo si nzuri. Wiki iliyofuata tulirudi kwa yule mzee. Tulikaa, tukamwuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mguu unauma, ndiyo, lakini kinachomnyima usingizi ni kijana wake aliyeondoka bila kuaga. Hatukuwa na dawa ya jambo hilo. Tulimsikiliza hadi giza likaingia, na alipomaliza ndipo yeye mwenyewe akachagua wimbo.