Nani Ashike Funguo za Hazina ya Dodoma

Njaa ya Mtunya ilipoifagia Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, kati ya 1917 na 1920, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakataa. Watu walikufa kwa maelfu, na wenyeji hawakuwa na mfuko wao wa umma wa kununulia hata debe la mtama.

Miaka michache baadaye, kwa sheria ya 1926, Waingereza waliwapa watemi madaraka ya kusimamia watu wao pamoja na hazina zao. Mgogo alilipa kodi. Sehemu ilikwenda serikalini, sehemu ikabaki, na hiyo iliyobaki ndiyo iliyolipia zahanati za vijijini. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, iliyofunguliwa 1927 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, ilikuwa ya serikali. Homa ya mtoto na kidonda cha mguu viliachiwa hazina ya mtemi, au wamisionari wa Mvumi. Mgawanyo huo, wa huduma kubwa kulipiwa kutoka juu na huduma ya kila siku kulipiwa kwa senti za hapo hapo, umedumu kuliko ukoloni wenyewe.

Baada ya Uhuru, mabaraza ya wilaya yalirithi zahanati, shule na barabara, lakini hayakupewa uwezo wa kuzitunza. Mwaka 1969 kodi iliyoyaweka hai ilifutwa. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey kutoka Marekani, mabaraza yenyewe yakafutwa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na ya miji yakafuata. Wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa na serikali wakachukua nafasi ya madiwani waliochaguliwa. Kwa Dodoma jambo hili lilikuja wakati wa ajabu. Oktoba 1973 mji ulichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, ukaundiwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA. Yaani Dodoma ilipewa heshima kubwa kuliko miji yote wakati ule ule ilipokuwa ikipoteza baraza la kuamua takataka zake zizolewe na nani.

Takataka zilikuja kudai gharama yake. Katika miji ya Tanzania mifereji iliziba, maji yakapungua, na kipindupindu kilipoenea kuanzia 1977 hakuna aliyeweza kusema ni kazi ya nani kusafisha. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya dharura kurudisha halmashauri za miji. Sheria kamili zikaja 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema 1984 kwamba angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni kauli ya kiungwana, na inastahili kukumbukwa na kila anayetamani kuondoa madiwani kwa sababu wanachelewesha mambo.

Dodoma, hata hivyo, ilibaki na mabwana wawili. CDA ilipima viwanja, ikavikodisha kwa miaka 33 na kupokea fedha zake. Manispaa ilipokea wagonjwa, wanafunzi na malalamiko. Ardhi ndiyo mali pekee ya maana ambayo mji unaweza kuuza, na chombo chenye mali hiyo hakikuwajibika kwa mpiga kura yeyote wa kata za Makole au Chang'ombe.

Katika hali hiyo ya ufukara ndipo lilipozaliwa jambo ambalo mkoa huu haujasifiwa vya kutosha kwalo. Zahanati ilipoagiza dawa Bohari ya Dawa ya serikali, mara nyingi ilipata nusu ya ilichoomba. Kilichokosekana kilipaswa kununuliwa madukani, kila kituo peke yake, kwa bei ya muuzaji na kwa makaratasi mengi. Mwaka 2014 halmashauri za mkoa wa Dodoma, zikisaidiwa na mradi wa Uswisi, ziliunganisha mahitaji yao na kumtafuta kwa zabuni mshitiri mmoja, yaani muuzaji wa dawa, mwenye bei zilizokubaliwa mapema. Mfamasia wa wilaya alihakikisha kwanza kwamba Bohari kweli haina dawa, kisha oda za vituo zote zikapelekwa kwa mkupuo. Fedha zilitoka kwenye makusanyo ya vituo vyenyewe: michango ya Mfuko wa Afya ya Jamii, malipo ya papo kwa papo, marejesho ya bima. Mfumo uliitwa Jazia. Mwaka 2016 ulifika Morogoro na Shinyanga, na 2018 ukasambazwa nchi nzima. Senti za mgonjwa wa Dodoma, zilipokusanywa pamoja, ziligeuka nguvu ya kupanga bei.

Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA. Mali na kazi zake zikahamia manispaa, na hati za miaka 33 zikaamriwa kuwa za 99. Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Viwanja viliuzwa kwa kasi, na katika mwaka wa fedha 2018/19 jiji lilitajwa kuongoza halmashauri zote kwa mapato ya ndani. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato hayo kuwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo ilisimamishwa baada ya ukaguzi kukuta marejesho hafifu na vikundi hewa. Mwaka 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya.

Lakini kiwanja huuzwa mara moja tu. Sensa ya 2012 ilikuta mjini Dodoma watu 410,956. Ya 2022 ilikuta 765,179, na wengi wao wanaishi kwenye nyumba ambazo zingeweza kulipia zahanati mwaka hadi mwaka. Kodi ya majengo yao, mwaka 2021, ilianza kukatwa kwenye luku ya umeme na kwenda serikali kuu kwanza.