Shule ya Wasichana ya Canterbury

Shule ya Wasichana ya Canterbury ilikuwa shule ya binafsi ya bweni katika mji mdogo wa Canterbury, jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ilianzishwa mwaka 1831 na mwalimu Prudence Crandall kwa ajili ya wasichana waliomaliza masomo ya msingi. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1833 hadi Septemba 1834 ilipokea wasichana weusi, jambo lililosababisha kutungwa kwa sheria maalumu ya kuizuia, kesi mahakamani na hatimaye mashambulizi yaliyoifunga. Shule hiyo inakumbukwa hasa kwa swali lililoulizwa katika kesi zake: je, mtu mweusi aliye huru ni raia wa Marekani?

Kuanzishwa

Prudence Crandall alizaliwa tarehe 3 Septemba 1803 huko Hopkinton, Rhode Island, katika familia ya madhehebu ya Quaker. Alisoma katika shule ya bweni ya madhehebu hayo mjini Providence, kisha akafundisha huko Plainfield, Connecticut. Mwaka 1831 wakazi wenye uwezo wa Canterbury walimwomba afungue shule kwa ajili ya mabinti zao. Alinunua kwa mkopo nyumba kubwa iliyokuwa katikati ya mji, na shule ikaanza majira ya vuli ya mwaka huo.

Masomo yalikuwa kusoma, kuandika, hesabu, sarufi, jiografia, historia, kemia, astronomia, falsafa, uchoraji, piano na lugha ya Kifaransa. Wakati huo wasichana wachache walipata elimu ya kiwango hicho, na shule ilipata sifa upesi.

Sarah Harris na mabadiliko ya shule

Mwaka 1832 Sarah Harris, binti wa mkulima mweusi aliyekuwa huru, aliomba kujiunga kama mwanafunzi wa kutwa. Alikuwa na umri wa miaka 20 na alitaka kuwa mwalimu wa watoto weusi. Connecticut ilikuwa imeanza kukomesha utumwa hatua kwa hatua tangu mwaka 1784, lakini watu weusi walio huru walibaki bila haki nyingi. Crandall alimkubali.

Wazazi wa wasichana weupe walidai Harris aondolewe, la sivyo wangewatoa watoto wao. Crandall hakukubali. Baada ya kushauriana na William Lloyd Garrison, mhariri wa gazeti la The Liberator lililopinga utumwa, aliwarudisha nyumbani wanafunzi weupe na kutangaza katika gazeti hilo tarehe 2 Machi 1833 kwamba shule itafunguliwa upya kwa wasichana weusi. Ada ilikuwa dola 25 kwa robo mwaka, pamoja na malazi na kufuliwa nguo. Wanafunzi walitoka Connecticut na pia katika miji ya mbali kama Providence, Boston, New York na Philadelphia.

Upinzani wa wakazi

Tarehe 9 Machi 1833 wakazi walifanya mkutano wa hadhara kuipinga shule. Kiongozi wao alikuwa Andrew Judson, mwanasheria na jirani wa Crandall. Mchungaji Samuel J. May na Arnold Buffum, waliotumwa na Crandall kumsemea, hawakuruhusiwa kuzungumza mkutanoni.

Baada ya hapo wenye maduka walikataa kuiuzia shule mahitaji, magari ya farasi yalikataa kuwabeba wanafunzi, na kisima cha shule kilitiwa samadi. Chakula na maji vililetwa na ndugu wa Crandall. Mwanafunzi Ann Eliza Hammond, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alitishiwa faini na viboko kwa kutumia sheria ya zamani ya wazururaji. Hata hivyo masomo yaliendelea.

Sheria na kesi

Tarehe 24 Mei 1833 bunge la Connecticut lilipitisha sheria iliyokuja kuitwa "Sheria ya Weusi". Ilikataza kuanzisha shule ya kufundisha watu weusi wasio wakazi wa jimbo hilo bila idhini ya mji husika. Crandall alikamatwa tarehe 27 Juni na kulala jela usiku mmoja kabla ya kuachiliwa kwa dhamana. Arthur Tappan, mfanyabiashara wa New York, aligharamia mawakili wake.

Mawakili walidai kwamba wanafunzi hao walikuwa raia, na kwa hiyo katiba ya Marekani iliwapa haki zile zile za raia wengine wanapokuwa katika jimbo lisilo lao. Katika kesi ya kwanza, Agosti 1833, jopo la wananchi lililopaswa kutoa uamuzi halikuafikiana. Katika kesi ya pili, Oktoba 1833, jaji David Daggett aliliambia jopo kwamba watu weusi si raia, na Crandall akatiwa hatiani. Julai 1834 mahakama ya rufaa ya jimbo ilifuta hukumu hiyo kwa sababu ya kasoro katika hati ya mashtaka, bila kutoa jibu kuhusu uraia.

Kufungwa

Kwa kuwa mahakama haikuifunga shule, wapinzani walitumia nguvu. Usiku wa tarehe 9 Septemba 1834 kundi la watu lilivamia jengo kwa marungu na vyuma na kuvunja madirisha wanafunzi wakiwa ndani. Crandall, akihofia usalama wao, aliifunga shule. Ilikuwa imewahudumia wasichana weusi kwa muda wa miezi 17 hivi.

Baadaye

Sheria ya mwaka 1833 ilifutwa mwaka 1838. Maneno ya Daggett yalitajwa mwaka 1857 katika hukumu ya Dred Scott, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilikana uraia wa watu weusi. Jibu la kudumu lilipatikana mwaka 1868 katika Badiliko la 14 la katiba, linalomtambua kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake kuwa raia.

Mwaka 1886 bunge la Connecticut lilimpa Crandall pensheni ya dola 400 kwa mwaka. Alifariki Januari 1890 huko Elk Falls, Kansas. Mwaka 1995 jimbo lilimtangaza rasmi kuwa shujaa wake wa kike. Jengo la shule bado lipo Canterbury. Sasa ni makumbusho, na tangu mwaka 1991 limeorodheshwa miongoni mwa maeneo ya kihistoria ya taifa.