Saratani ya damu: Seli zilizolala na mbinu ya kuziamsha

MGONJWA wa saratani ya damu anaweza kumeza vidonge kwa miaka kadhaa, vipimo vikaonyesha damu yake ni safi, lakini daktari akamkataza kuacha dawa. Sababu imo ndani ya uboho wa mifupa. Humo hujificha seli chache za ugonjwa zisizogawanyika. Dawa nyingi za saratani huua seli inapogawanyika, hivyo iliyolala hupitwa tu. Ikiamka baadaye, huzaa ugonjwa upya.

Hali hii hudhihirika katika lukemia sugu ya maieloidi, inayotokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa jina Gleevec, iliwaongezea wengi maisha. Nchini Kenya, wagonjwa waliipata bila malipo kwa miaka mingi katika kliniki maalum ya Nairobi Hospital. Kwa mkazi wa Likoni, hiyo ni feri, kisha basi la takriban kilomita 480. Wa Changamwe angalau hasumbuki na kivuko. Si ajabu mtu aliyekwisha kupata nguvu akashawishika kuacha safari hizo.

Mwaka 2010, watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 100 walioachishwa imatinib baada ya ugonjwa kutoonekana kwa angalau miaka miwili. Takriban sita kati ya kila kumi walirudiwa. Walikuwa wakipimwa mara kwa mara, na wengi walipata nafuu waliporejeshewa dawa.

Je, seli hizo zikiamshwa kwanza, kisha zipigwe? Mwaka 2009 kundi la Andreas Trumpp wa Heidelberg, Ujerumani, lilionyesha kwamba interferoni huamsha seli mama za damu za panya, zikawa rahisi kuuawa na dawa. Kwa binadamu, utafiti wa Bob Löwenberg wa Uholanzi, wa mwaka 2003, ulihusisha wagonjwa 640 wa lukemia kali ya maieloidi. Kati ya waliopata nafuu kamili baada ya kupewa kichocheo cha G-CSF pamoja na dawa, asilimia 42 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka minne, dhidi ya 33 ya wenzao. Waliokuwa na aina hatari zaidi hawakunufaika.

Mbinu hii haijawa tiba ya kawaida. Ina hatari yake: seli ikiamshwa halafu dawa ikakosa kuiua, huendelea kuzaana.