Mizani na Daftari: Nafasi ya Hesabu katika Kisomo cha Watu Wazima, Kanda ya Ziwa ya Tanzania

Historia ya kisomo cha watu wazima nchini Tanzania aghalabu huelezwa kwa takwimu za wasiojua kusoma. Mwaka 1967, mwaka wa sensa, walikadiriwa kuwa takriban asilimia 67 ya watu wazima. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kuwa wamebaki asilimia 39. Ule wa 1977, asilimia 27. Ule wa 1981, asilimia 21. Na mwaka 1986 ilitangazwa kwamba waliosalia ni asilimia 9.6 tu. Hakuna nchi nyingi duniani zilizopiga hatua kama hiyo kwa muda mfupi kama huo. Hata hivyo, katika zile K tatu, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, waandishi wengi wamezishughulikia mbili za kwanza, na ile ya tatu wameitaja kama mkia tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Kanda ya Ziwa, ambako mpango wa kisomo chenye manufaa ulianzia, K ya tatu ndiyo iliyokuwa haja ya mwanzo ya wananchi, na kwamba kuiweka mwisho kulikuwa na gharama yake.

Mizani kabla ya kitabu

Kabla ya kuwapo darasa la ngumbaru kulikuwapo mizani. Katika miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili, mkulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe alilipeleka zao lake kwa mnunuzi mwenye duka, akalipwa kwa uzito uliosomwa na mnunuzi huyo huyo. Malalamiko kwamba mizani ilipunjwa yalienea kote katika Jimbo la Ziwa. Jibu la wakulima lilikuwa la busara: mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kuusoma mshale wa mizani na kuandika idadi ya ratili, wakaipima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Mpimaji hakuwa msomi mkubwa. Alichokuwa nacho ni tarakimu, kalamu na uaminifu wa jirani zake.

Harakati hizo ndizo zilizozaa ushirika wa Ziwa. Paul Bomani aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa pamba mwaka 1952, na mwaka 1955 vyama vya msingi na vya wilaya viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo baada ya miaka michache lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Yafaa kuzingatia kwamba msingi wa shirika hilo haukuwa hotuba wala katiba. Msingi wake ulikuwa namba iliyosomwa kwa haki mbele ya mwenye mali.

Lakini chama kilipokua, mizani ilifuatwa na daftari, na daftari si kila mwanachama aliyeweza kulisoma. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za masoko. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni kwamba wanachama hawakuelewa mambo ya vyama vyao, na watendaji wenye ujuzi walikuwa wachache. Maana yake ni nyepesi kuiona: yule aliyemkimbia mnunuzi kwa sababu ya mizani asiyoisoma alijikuta mbele ya karani wake mwenyewe, akitia dole gumba kwenye stakabadhi asiyoielewa.

Kisomo chenye manufaa

Katika hali hiyo ndipo kisomo kilipoingia. Mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwaka 1965 ulipendekeza kisomo kifungamane na kazi ya mtu. UNESCO ikaanzisha mpango wa majaribio katika nchi 11, na Tanzania ikawa mojawapo. Mradi wa Tanzania ulianza mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza, ukahudumia mikoa minne: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Vitabu vya kwanza vilitungwa kwa kufuata kazi za watu: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Wazo hili lilikubaliana na fikra ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameitoa mwaka 1964, kwamba watu wazima waelimishwe kwanza kwa kuwa watoto hawataathiri uchumi mpaka miaka mingi ipite.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya sita, Ukerewe ikiwamo, zikachaguliwa kutangulia kufuta ujinga. Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU uliazimia kazi hiyo ikamilike nchini kote ifikapo mwisho wa 1975. Hapo ndipo mradi wa mikoa minne ulipogeuka kampeni ya taifa, na ndipo hesabu iliporudi nyuma. Kampeni huhitaji kipimo kinachoonekana upesi. Kumwona mzee akiandika jina lake ni ushahidi unaomridhisha kila mtu. Kumwona akikagua malipo ya msimu mzima si jambo la kuonyeshwa mkutanoni. Isitoshe, walimu wengi wa kujitolea walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi. Waliweza kuisomesha aya kwa sababu aya imeandikwa kitabuni, lakini kufundisha hesabu kunahitaji mwalimu atambue njia anayoitumia mwanafunzi kichwani mwake.

Namba katika lugha mbili

Lugha ya kisomo ilikuwa Kiswahili peke yake. Uamuzi huo uliijenga lugha ya taifa kwa kiasi ambacho hakuna awezaye kukibeza: mwaka 1974, kwa mfano, gazeti la vijijini la *Elimu Haina Mwisho* lilianza kutolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya. Hata hivyo, wengi wa wanafunzi hao walihesabu kwa Kisukuma, Kihaya, Kikerewe au Kijita, na hasa wanawake na wazee waliokaa mbali na miji hawakukizoea Kiswahili.

Tazama namba zenyewe. Kutoka moja hadi tano Kisukuma na Kiswahili ni ndugu wa karibu, na mwanafunzi huvuka bila kujikwaa. Baada ya hapo njia zinaachana. Kisukuma kimehifadhi *tandatu*, *mpungate* na *kenda*, ilhali Kiswahili kimechukua *sita*, *saba* na *tisa* kutoka Kiarabu, kikiiacha *kenda* katika lugha ya kale na *fungate* katika siku saba za arusi. Tofauti kubwa zaidi imo katika makumi. Lugha hizo za Ziwa huijenga ishirini kwa kusema makumi mawili, na thelathini kwa kusema makumi matatu; anayetamka anasikia mbili na tatu ndani ya neno. Katika *ishirini* na *thelathini* mbili na tatu hazisikiki. Basi mwanafunzi mwenye lugha ya kwanza inayodhihirisha mpango wa makumi alifundishwa tarakimu kwa maneno yanayouficha, wakati 20 na 30 zilizoandikwa ubaoni zinafanana zaidi na lugha ya nyumbani kwake kuliko na lugha ya darasa. Mwalimu ambaye angeruhusiwa kupitia *makumi mawili* angekuwa na daraja tayari.

Kenya, ilipounda Idara ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1979, ilikubali lugha za mama katika madarasa ya mwanzo. Njia hiyo ilikuwa na uzito wake, kwani vitabu katika lugha nyingi ni gharama, na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2006 ulikuta asilimia 38.5 ya watu wazima bado hawajapata kisomo. Kwa hiyo kuchagua lugha peke yake hakutoshi. Linalotakiwa ni kujua lugha ipi inabeba kazi ipi.

Ushahidi wa utafiti

Tafiti za miaka ya 1980 zimesaidia kulieleza jambo hili. Sylvia Scribner na Michael Cole, katika kitabu chao cha 1981 juu ya Wavai wa Liberia, walionyesha kwamba kisomo hakimbadili mtu akili yote kwa mkupuo mmoja; humwongezea ustadi katika yale anayokitumia. Mwaka 1985 Carraher, Carraher na Schliemann walichapisha matokeo ya vijana wauzao bidhaa mitaani huko Recife, Brazili. Sokoni, kwa hesabu ya mdomo, vijana hao walipata majibu sahihi kwa asilimia 98.2. Walipopewa hesabu zenye namba zile zile kwa karatasi, bila habari ya biashara, walipata asilimia 36.8. Kwa hiyo, mtihani wa karatasi unaweza kumwita mjinga mtu ambaye hapunjiki sokoni. Kinyume chake pia ni kweli: anayeweza kujumlisha ubaoni huenda asiweze kuyatetea malipo yake.

Hitimisho

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vijiji vilivyoandikishwa chini ya Sheria ya Vijiji ya 1975 vikatakiwa vijiendeshee biashara na kutunza hesabu zao. Kijiji kilihitaji daftari mwaka ule ule uliofuata mtihani mkuu wa kusoma. Vyama viliporudishwa kwa sheria ya 1982, mwanachama alirudi penye mizani ile ile. Sensa za 2002 na 2012 nazo zilionyesha kiwango cha kisomo kilicho chini ya kile kilichotangazwa mwaka 1986, kwani kisomo kisichotumika hufifia.

Wapimaji wa miaka ya 1950 hawakungoja kampeni. Walijifunza kusoma tarakimu kwa kuwa tarakimu ilikuwa na pamba upande wa pili. Mpango wowote wa kisomo katika Afrika Mashariki hauna budi kuanzia hapo: kumkuta mtu mzima akihesabu kwa lugha yake, kuiheshimu njia yake, kisha kumpa maandishi yatakayomwezesha kumuuliza karani swali na kulielewa jibu.